Rispa na Maiti Saba

Mji wa Nyeri unajua kuzika wageni. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifia hapa Januari 1941, na kila Februari maskauti huja kupiga saluti kwenye kaburi lake pale Kanisa la Mtakatifu Petro. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimekwenda nyumbani. Jim Corbett, mwindaji wa chui milia wa India, amelala karibu naye. Ukifika Mathari utaona kanisa la ukumbusho walilolijenga Waitaliano mwaka 1952, lenye mabaki ya askari wao 676 pamoja na kamanda wao, Amedeo wa Aosta, aliyejisalimisha kwa Waingereza huko Amba Alagi, Ethiopia, mwaka 1941 akafia Nairobi mwaka uliofuata akiwa mfungwa. Ni mahali pa heshima, na sisemi hivyo kwa kijicho. Watu walioshindwa vita, tena ugenini, wamepata mahali pa kulala na mtu wa kuwawashia mshumaa.

Mwaka huo huo wa 1952, tarehe 20 Oktoba, serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Ndiyo sababu Sikukuu ya Mashujaa inaangukia tarehe hiyo, na ndiyo sababu juma hili niliwapeleka vijana wetu wa kipaimara kutembelea Tetu badala ya kuwaketisha darasani na katekisimu.

Tulianzia Ruring'u. Makumbusho ya Nyeri yamo katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji, na jirani yake kuna uwanja ambako Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni, nywele zikiwa zimesokotana, kuja kusalimisha silaha. Vijana walipiga picha. Niliwaacha wapige. Kisha tukapanda kwa matatu hadi Kahigaini, mashamba ya chai yanapokutana na msitu wa Aberdare, ambao wazee wa huku bado wanauita Nyandarua. Hapo, alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, kiongozi wao, Dedan Kimathi, alipigwa risasi na kukamatwa. Aliyempiga alikuwa askari Mkikuyu, mtu wa huku huku.

Jambo la kutazama pale ni handaki. Mkoloni alitaka kuwatenga wapiganaji na wanavijiji waliowalisha, basi akaamuru lichimbwe shimo kufuata ukingo wa msitu huu na ule wa Mlima Kenya: kama kilomita 80, kina cha futi 10, upana wa futi 16, chini yake mianzi iliyochongwa ncha. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa kizuizini, msituni au kaburini. Leo limejifukia sehemu kubwa. Nyasi zimeota, kondoo wanateremka na kupanda bila shida, na mvulana mmoja aliniuliza kama huu ni mtaro wa maji.

Nyanya mmoja wa pale, cucu kama tunavyosema huku, aliyekuwa msichana wakati huo, alikubali kuzungumza nao. Alishika jembe kuwaonyesha walivyokuwa wakisimama: mmoja chini anachimba, wa pili anarusha udongo kwenye ngazi ya katikati, wa tatu juu anausukuma mbali, na ukimrudishia wa chini udongo kichwani, ngati anakuja na kiboko. Ngati ndio wale walinzi wa kijiji waliokuwa upande wa serikali. Msichana mmoja akamuuliza, huyo ngati alikuwa nani? Cucu akamtaja bila kusita. Alikuwa binamu ya baba yake. Alimpiga mama yake mbele yake, na miaka saba baadaye akamlipia kaka yake karo ya shule. Vijana walisubiri aseme kama alimsamehe. Hakusema. Alirudisha jembe ghalani akatukaribisha uji.

Nimekaa parokia za huku muda wa kutosha kujua kwamba hadithi hiyo si ya nyumba moja. Kwenye benchi zetu Jumapili, mjukuu wa itungati, yaani mpiganaji wa msituni, na mjukuu wa ngati wanapeana amani wakijuana vizuri, na katika mashauri ya mashamba jambo hilo huibuka ghafla, hata kama kilichoitisha kikao ni mpaka wa migomba. Wako pia wajukuu wa wale tuliowaita ahonoki, watu wa uamsho waliokataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa na bunduki ya serikali vilevile. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo, na kwenye ziara yetu hawakuwa na jiwe hata moja. Kanisa nalo halina mikono safi. Misheni nyingi zilisimama na serikali, na katika macho ya itungati padre na bwana shauri walikuwa meza moja.

Ndiyo maana barua ya mwisho ya Kimathi hunikosesha usingizi. Alihukumiwa hapa Nyeri Novemba 1956 kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi, akapelekwa gereza la Kamiti. Tarehe 17 Februari 1957, siku moja kabla ya kunyongwa, alimwandikia padre wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri, Padre Marino. Aliagana naye akisema yuko tayari kwa safari ya mbinguni. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kidogo cha nyumbani: mwanawe asome, mama yake mzee asiachwe peke yake, na mkewe, ambaye alikuwa kifungoni Kamiti hiyo hiyo, apate wa kumfariji. Mtu ambaye serikali nzima ilimwinda aliiomba misheni nafasi ya shule.

Alizikwa humo gerezani, pasipojulikana. Mukami, mkewe, aliwaomba viongozi mmoja baada ya mwingine wamwonyeshe mifupa amzike mumewe. Nairobi ilimpa Kimathi sanamu Februari 2007. Mukami alifariki Mei 2023, miaka 66 baada ya kitanzi, na kaburi halijaonyeshwa. Kimathi ni mmoja tu: serikali ya mkoloni iliwanyonga zaidi ya watu 1,000 katika vita hivyo. Na tusimlaumu mkoloni pekee. Sheria iliyopiga Mau Mau marufuku ilibaki katika vitabu vya Kenya huru hadi 2003.

Maiti zilizonyimwa kaburi zimo hata katika Biblia. Katika Samweli wa Pili, sura ya 21, kuna njaa ya miaka mitatu. Daudi anaambiwa chanzo chake ni damu ya Wagibeoni iliyomwagwa na Sauli, basi anatoa watu saba wa nyumba ya Sauli, nao wananyongwa mlimani mwanzoni mwa mavuno ya shayiri na kuachwa hapo. Rispa, suria wa Sauli, anatandika gunia juu ya mwamba. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama, tangu mavuno hadi mvua iliponyesha. Hasemi neno lolote katika sura yote.

Mahubiri mengi juu ya Rispa huishia kwenye uchungu wa mama. Lakini hesabu maiti. Wana wake ni wawili. Watano waliobaki ni wajukuu wa Sauli kwa binti yake, watoto wa mwanamke mwingine, na katika nyumba ya mfalme mwenye wake na masuria sidhani kwamba mama hao walipendana. Rispa hakufukuza kunguru kwenye wawili akawaacha watano. Daudi aliposikia, alikwenda Yabesh-Gileadi kuichukua mifupa ya Sauli, mtu aliyemwinda kwa miaka mingi, na ya Yonathani mwanawe, wakaikusanya na ya wale saba, akawazika kwenye kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Biblia inasema baada ya hapo ndipo Mungu alipoombwa kwa ajili ya nchi akasikia.

Tulimalizia siku yetu ndani ya hifadhi ya Aberdare, kwenye njia ya miguu katikati ya mianzi, na askari wa shirika la wanyamapori, KWS, mbele yetu kwa ajili ya nyati. Hifadhi sasa ina ua wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika 2009, wa kuzuia tembo wasishuke kwenye viazi na mahindi. Sehemu nyingine unapita si mbali na lilipopita handaki. Vijana walicheka sana kima aliporukia kofia ya mmoja wao, nami nikacheka pia.

Tarehe 2 Novemba tuna Misa ya Marehemu Wote. Mwaka huu nimeomba kila familia ilete majina ya waliopotea kati ya 1952 na 1960: waliokufa msituni, kizuizini, vijijini kwa njaa na homa, kwenye doria za ngati, na waliouawa kwa kukataa kiapo. Wazee wawili wamekwisha kuniuliza, kila mmoja faraghani, kama na wale wengine wataandikwa. Nimewajibu ndiyo. Daftari lina safu mbili tu, jina na kijiji, na litakuwa kwa katekista hadi Jumamosi jioni.