Nasaha kwa Mhamiaji Aingiaye Dar es Salaam

Mtu anayehama Kigoma, Bukoba au Mwanza kwenda kuishi Dar es Salaam hupoteza kitu kimoja ambacho hakukitia katika hesabu ya nauli na kodi ya chumba, nacho ni kujulikana. Kule alikotoka, jina la baba yake lilitosha kumdhamini dukani na mbele ya wazee, ilhali katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 jina hilo halimwambii mtu chochote. Nasaha hizi zinashikilia kauli moja: ugeni hauondolewi na wingi wa miaka wala na fedha, bali na wajibu ambao mgeni anautimiza kwa jirani zake kabla hajawahitaji, na wapo waliozeekea mjini wakabaki wageni kwa kuukwepa wajibu huo.

Waliotangulia waliliona jambo hili mapema. Kabla Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, haijafika Kigoma mwaka 1914, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiteremka pwani kwa miguu na misafara, na baina yao na Wazaramo kulikuwa na utani, yaani uhusiano unaowaruhusu watu wa makabila mawili kutupiana maneno makali bila kukasirikiana, na papo hapo kuwalazimu kusaidiana, hasa katika mazishi. Mzaha ndio unaokumbukwa zaidi leo, lakini uzito wa utani ulikuwa katika huo ulazima, kwa kuwa aliyefikwa na msiba mbali na kwao alikuwa na mtu asiyeweza kumpa kisogo. Mji wa sasa haumpi mhamiaji mtani wa kurithi; inambidi ajitafutie mfano wake mtaani anapoishi.

Hatua ya kwanza ni kujitambulisha kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala mjini na huongozwa na mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi wenyewe. Wengi huifikia siku wanapohitaji barua ya utambulisho, iwe ni ya kufungulia akaunti benki, kuombea kitambulisho cha taifa au kumwekea ndugu dhamana, na mwenyekiti anapouliza wanaishi nyumba ya nani na tangu lini, hawana jirani wa kuwashuhudia. Adabu ni kwenda mapema bila shida yoyote, na kumsalimu pia mjumbe wa nyumba kumi pale anapotambulika, kwani huyo ndiye anayejua kila mlango wa mtaa na aghalabu ndiye huulizwa kwanza panapotokea wizi au ugomvi.

Aliyefikia kwa ndugu ana adabu nyingine za kuchunga. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, haikutungwa kumfukuza mtu, bali kumwonyesha mahali pake katika kazi za nyumba. Na jembe la mjini ni kujaza ndoo maji yanapotoka, kurudi na mkate na mafuta ya kupikia bila kuagizwa, na kumweleza mwenyeji waziwazi siku anayokusudia kuhamia kwenye chumba chake mwenyewe. Kodi nyingi hutakiwa kwa mkupuo wa miezi 6, na juu yake kuna ujira wa dalali, kwa hiyo siku hiyo inaweza kuchelewa. Kuchelewa husameheka, kunyamaza ndiko kunakowachosha wenyeji.

Shule kubwa ya tabia, hata hivyo, ni nyumba ya kupanga. Humo wapangaji wa vyumba kadhaa hutumia choo kimoja, uwanja mmoja na mara nyingi mita moja ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ambayo huingiziwa tarakimu 20 kila umeme unaponunuliwa, na ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Mwenye taa na chaji ya simu hawezi kuchangia sawa na mwenye friji na pasi akaridhika, hata kama kwa haya haonyeshi kinyongo chake. Inampasa mgeni kutaja vyombo vyake siku ya kwanza, kabla hajaulizwa, na kupendekeza mwenyewe mchango mkubwa zaidi ikiwa vinakula umeme mwingi. Na umeme ukiisha usiku katika zamu ya mwingine ya kununua, anunue uniti chache za kuwafikisha asubuhi, ndipo azungumze na mwenye zamu faraghani na kwa sauti ya chini. Vivyo hivyo zamu ya kufagia uwanja na kuosha choo haimwachi kapera anayetoka alfajiri kuwahi daladala. Anayelipa mtu amfanyie hakosi, mradi zamu yake isipite bure.

Lakini hakuna jambo linalompima mhamiaji kama msiba wa jirani. Turubai linapofungwa mtaani, wanawake huketi ndani juu ya mikeka, wanaume hukaa nje, na karibu na mlango huwapo meza na daftari ambamo mtu mmoja huandika majina na rambirambi, yaani mchango wa kuwafariji wafiwa. Kutuma fedha kwa simu kunakubalika siku hizi, na kwa aliye kazini kunafaa, lakini hakuchukui nafasi ya kukaa: kufika, kuwapa pole wafiwa, kusaidia kubeba viti au kukoroga sufuria, na kurudi jioni hata kama marehemu hakuwahi kusalimiana naye. Jambo hili linamgusa mhamiaji wa mbali kuliko mwingine yeyote, kwa sababu akifiwa yeye, huenda kamati ya mazishi ikalazimika kukusanya fedha za jeneza na za kuusafirisha mwili zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwao, na kamati hiyo haiundwi na ndugu walioko Kigoma, bali na majirani wanaolikumbuka jina lake katika madaftari ya wenzake. Ni haki kusema kwamba huko si kutoa kwa kutarajia malipo. Ni kuingia katika mzunguko wa kusaidiana uliokuwapo kabla hajafika.

Kuhusu usemi, maneno machache yanatosha. Watu wa pwani huzoea kuomba kwa samahani na naomba, na ukavu wa usemi wa bara, usio na ubaya wowote kwao wausemao, huweza kusikika kama amri. Mgeni alainishe ombi lake bila kuificha lafudhi yake, wala asiwadharau wenyeji kwa kuwaita wavivu, kwani dharau hiyo husambaa uani kabla ya jua kuchwa.

Wenyeji nao wana deni. Kumwita mtu “wa kuja” mbele ya watoto wake ni utovu wa adabu, na kumwachia dereva wa bodaboda amtoze nauli maradufu huku jirani anasikiliza ni kushiriki katika dhuluma. Mpangaji mpya anaposhusha mizigo, aliyetangulia kuishi katika nyumba hiyo, awe mzaliwa au mhamiaji wa zamani, amsaidie kubeba godoro, amwonyeshe duka la karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, na amtajie siku maji yanapotoka, kisha amwandikie namba yake ya simu, kwa maana usiku wa kwanza mwenye homa hana wa kumgongea.