KORBANI: NENO LA NADHIRI



Wengi wametuuliza maana ya neno Korbani, tunalolikuta katika Marko 7:11. Ni neno la Waebrania. Shina lake ni ndugu ya shina la Kiarabu lililotupatia "karibu", neno tunalolisema kila siku mlangoni. Korbani, basi, ni kitu kinacholetwa karibu na Mungu. Katika Mambo ya Walawi ni jina la sadaka, iwe ng'ombe, kondoo, hua ama unga.

Baadaye watu walilifanya neno la nadhiri. Mtu akitamka Korbani juu ya kitu, kitu kile kimefungwa, mwingine hawezi kukitumia. Karibu na Yerusalemu lilipatikana sanduku la jiwe la kuwekea mifupa ya wafu, na juu ya kifuniko neno hilo limechorwa: faida yote ambayo mtu angeipata humo ni korbani kwa Mungu. Lilikuwa kama kufuli juu ya wezi.

Sasa tuone ubaya ulivyoingia. Mzee amechoka, hana tena nguvu ya jembe, anamwendea mwana wake. Mwana anajibu: Baba, kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani. Na mali yenyewe iliweza kubaki nyumbani mwa mwana! Wazee wa sheria walishikilia kwamba nadhiri haivunjwi. Yesu alikataa, kwa sababu amri ya kuheshimu baba na mama ni ya Mungu mwenyewe. Neno la kukaribisha lilikuwa limemfukuza mzazi mlangoni.

Na kwetu je? Ndugu anasimama mbele ya kusanyiko, anaahidi mabati ya kanisa, vigelegele vinapigwa, na mama yake kijijini analala bila dawa. Mwingine anaahidi pesa ya masomo ya watoto, kwa kuwa ameambiwa baraka itampita. Tusiite hiyo imani. Kumbukumbu la Torati 23:22 linasema wazi kwamba asiyeweka nadhiri hana dhambi. Hatukatazi nadhiri, Hana aliweka, naye akatimiza.

Basi atakayeleta ahadi yake ya mabati Jumapili, mashemasi watamwuliza kwanza: wazazi wako wamekula? Akisema hapana, apeleke bahasha ile kwao. Paa tutalingoja, hata mvua ikianza.