Je, Kutu Ina Uzuri?

Tuseme mgeni asimama hapa Kalunguta, katika njia ya kutoka Butembo kwenda Beni, apige picha ya nyumba iliyoachwa, yenye bati la kutu. Je, afanya vema?

Kutu ina uzuri kweli. Chuma kikikutana na maji na hewa, hupata rangi ya udongo mwekundu, nayo yatukumbusha ya kuwa kazi ya mikono yetu haidumu. Kuitazama si kosa.

Kosa ni kuipenda kutu na kumsahau mtu. Bati lile lilimkinga nani na mvua? Naye alihamia nyumba bora, au alikimbia vita? Kutu ni ile ile, lakini habari hizi mbili hazifanani.

Tunao mfano mwema. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alipiga picha za mitambo ya migodi ya Katanga iliyoachwa kuoza. Mali hiyo ilikuwa ya Union Minière mpaka serikali ilipoitwaa mwaka 1967. Katika picha zake ziitwazo Mémoire, yaani Kumbukumbu, alizitia sura za wafanyakazi wa zamani, zilizotoka katika picha za wakati wa ukoloni. Hivyo mtazamaji hawezi kusifu magofu bila kukutana na macho ya waliotaabika humo.

Basi, kabla ya kuipiga picha nyumba ile, waulize majirani ilikuwa ya nani.