"Hatukujua": Je, Ni Udhuru?

Mwaka 2019 vimbunga viwili viliipiga nchi jirani ya Msumbiji katika muda usiotimia miezi miwili. Cha kwanza, Idai, kiliuangukia mji wa Beira mwezi wa Machi, kikaua watu zaidi ya 600 katika nchi hiyo. Dunia nzima ilisikia. Cha pili, Kenneth, kilifika tarehe 25 Aprili katika mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Huko Msumbiji kiliua watu 45. Hesabu hiyo ikilinganishwa na ile ya kwanza ni ndogo, na habari zake zilizimika upesi.

Lakini hesabu ya maiti haisemi yote. Katika kisiwa cha Ibo nyumba nyingi mno zilibomoka. Wavuvi walipoteza mashua na nyavu, na wakulima mashamba yaliyokaribia mavuno. Mwezi wa Mei kipindupindu kikazuka. Mvuvi asiye na chombo hafi siku ya tufani. Njaa yake huanza baadaye, waandishi wa habari wakiisha kwenda zao.

Tukiulizwa tulifanya nini, wengi wetu twajibu: "Hatukujua." Yafaa tulipime jibu hilo. Walimu wa maadili hutambua kutojua kwa namna mbili. Yuko mtu asiyeweza kujua kwa njia yo yote. Huyo hana hatia. Na yuko ambaye angalijua kama angaliuliza, lakini hakuuliza. Huyu hawezi kujitetea kwa ujinga wake, kwa kuwa ni ujinga wa hiari.

Sisi tu upande gani? Katika pwani ile wamo Wamwani, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Lindi yetu nayo ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Kusema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka hakutufai hapa.

Wengine watasema, tena kwa haki, kwamba baba mwenye watoto hawezi kuwasaidia wote wanaoteseka duniani. Ni kweli; hakuna alazimishwaye kutoa asicho nacho. Hata hivyo, mwenye kidogo naye huchagua ampe nani. Kosa ni kuyaachia magazeti na redio yamchagulie, kana kwamba anayetajwa sana ndiye mwenye shida kuliko wote. Nasi tuandikao tumo katika kosa hilo.

Mwezi wa Desemba 2024 kimbunga Chido kiliupiga tena mkoa ule ule, huko Mecúfi. Ni wangapi kati yetu waliouliza habari za watu wale baada ya Noeli kupita? Twaomba kila nyumba ijizoeze jambo moja: isikiapo habari ya maafa, iulize ni vijiji gani havikutajwa, na baada ya miezi mitatu iulize tena. Anayeuliza hujifunga kusaidia kadiri ya uwezo wake. Na labda hiyo ndiyo sababu twaogopa kuuliza.