Makali Yaliyobaki

Chombo cha kukatia huisha kidogo kidogo, na swali la mwenye kazi ni hili: kimebakiwa na uhai kiasi gani? Akikitupa mapema amepoteza mali. Akichelewa, ataharibu kazi, na pengine mashine pia. Wachonga vinyago wa Kimakonde wa huku kwetu Mtwara wanalijua swali hilo bila hesabu. Mpingo ni mti mgumu unaokula makali upesi. Fundi husikia mlio wa tezo ukibadilika, huiona ikiteleza badala ya kuuma, naye huchukua jiwe la kunolea.

Kwenye mashine za kukereza chuma, swali hilo lilitafutiwa hesabu. Mwaka 1906 Mmarekani Frederick Taylor aliwasomea wahandisi wenzake matokeo ya majaribio ya miaka 26. Alionyesha kwamba uhai wa makali hutegemea sana kasi ya kukatia: ukiiongeza kwa asilimia 10 tu, chombo cha chuma alichokitumia yeye huweza kupoteza nusu ya uhai wake na zaidi. Siku hizi vihisio hupima mtikisiko na nguvu, na kompyuta hukadiria dakika zilizobaki. Hata hivyo, vyombo viwili vya boksi moja havifi siku moja. Hesabu huzungumzia vingi; fundi ana kimoja mkononi.

Sasa, ndugu msomaji, je, ni halali kumpima binadamu hivyo? Taylor huyo huyo aliwapima wafanyakazi kwa saa, sekunde kwa sekunde. Nasi Tanzania, mtumishi wa umma wa kawaida hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Siilaumu sheria hiyo. Ina haki ya namna yake, kwani haimchagui mtu kwa chuki wala kwa upendeleo. Tena huruma peke yake haitoshi: mwalimu akichoka, anayelipa ni mtoto, kama vile tezo butu inavyoharibu kinyago.

Lakini katika miaka yangu ya kuwaandaa walimu, nimesikia mara nyingi ikisemwa upesi, "Yule amekwisha." Kanuni ya Taylor yenyewe inatukataza kuishia hapo. Chombo hakijichagulii kasi. Humchagulia mwenye mashine. Basi mwalimu aliyepewa watoto 100 katika chumba kimoja, vitabu havitoshi, akachakaa angali na miaka 40, tusiulize tu amebakiwa na nini. Tuulize pia ni nani aliyeipanga kasi ile.

Na iko tofauti nyingine. Chombo tunakibashiria kwa sababu hakiwezi kusema. Mtu anaweza. Kumkadiria bila kumwuliza ni kumfanya chuma. Pengine atajibu kwamba amechoka kweli. Hapo apumzishwe kwa heshima. Pengine atasema anachohitaji ni darasa dogo zaidi na muhula mmoja wa kupumua. Anayeuliza awe tayari kwa majibu yote mawili.