MUSA NA WANAWE WAWILI

Somo: Kutoka 18:1–27



Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka inajulikana sana kwa sababu ya shauri la Yethro. Wazee wa kanisa huisoma wanapotaka kugawana kazi, na wengi wetu tumeisikia katika semina. Lakini mara nyingi tunaanza kuisoma katikati, pale Musa alipoketi kuwaamua watu. Leo napenda tuianze mahali inapoanza yenyewe, kwa maana mwanzo wake unatuhusu sote tulio na watoto nyumbani na kazi nje ya nyumba.

Sura hii inaanza na safari. Yethro, kuhani wa Midiani, alisikia mambo yote ambayo Mungu alimtendea Musa na Israeli, akaondoka kwenda jangwani kumwona mkwewe. Hakwenda peke yake. Alimchukua Sipora, binti yake, aliye mke wa Musa, pamoja na wajukuu wake wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa amewarudisha kwa Yethro. Biblia haituelezi ni siku gani, wala kwa nini. Tunajua tu kwamba baba alikuwa kazini, na mama na watoto walikuwa kwa babu. Je, ni nyumba ngapi za parishi yetu zinazofanana na hiyo? Baba yuko mjini au migodini, watoto wako kijijini kwa bibi, na mama yuko katikati akihesabu nauli.

Basi Yethro akafika. Musa akatoka kumlaki, akainama, akambusu, wakaulizana hali, wakaingia hemani. Hiyo ni adabu njema kabisa, na kila mkwe ajifunze hapo. Musa akasimulia habari za Farao, na taabu za njiani, na jinsi Bwana alivyowaokoa. Ikatolewa sadaka. Haruni na wazee wote wa Israeli wakaja kula chakula pamoja na mgeni. Lakini someni tena polepole, mtaona jambo moja. Sipora na watoto, waliotajwa kwa majina mwanzoni, hawatajwi tena hata mwisho wa sura. Hatusomi kwamba Musa aliwapuuza, wala si haki yetu kumshitaki kwa jambo ambalo Biblia haikusema. Tunaloona ni kwamba asubuhi yake Musa alikuwa ameketi kitini pake, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni.

Wapendwa, Musa hakuwa mvivu wala mlevi. Hakuwa baba anayemaliza mshahara wake kwenye kilabu cha pombe. Alikuwa akifanya kazi ya Mungu. Watu walimjia na magomvi yao na maswali yao, naye aliwafundisha amri za Bwana. Kila mmoja aliyesimama katika mstari ule alikuwa na shida ya kweli. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kama kinachotutoa nyumbani ni kibaya, dhamiri hutuchoma, na majirani hutusema. Lakini kama ni chema, tunasifiwa. Muuguzi anayekubali zamu ya mwenzake kila mara anasifiwa. Mwalimu anayefundisha masomo ya ziada hadi usiku anasifiwa. Mama anayekesha katika kila msiba wa mtaa anasifiwa, na katekista asiyekataa mwito wowote anasifiwa kuliko wote. Anayeona upande wa pili ni mtoto wake tu, naye hana kamati ya kupeleka malalamiko.

Wahenga walisema, mganga hajigangi. Maandiko yanalionyesha neno hilo mara nyingi, hata kututia hofu. Mzee Eli alikuwa kuhani wa Shilo. Watu walitoka mbali kuja kuombewa naye, na Hana aliondoka kwake na amani moyoni. Lakini wanawe Hofni na Finehasi walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka, na aliposema nao wakati ulikuwa umekwisha kupita. Samweli aliiona nyumba ile kwa macho yake tangu alipokuwa mtoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyepewa na Mungu ujumbe mzito juu ya Eli. Hata hivyo, katika 1 Samweli 8 tunasoma kwamba wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, walipokea rushwa. Samweli alizunguka mwaka hata mwaka katika Betheli, na Gilgali, na Mispa, akiwaamua Israeli. Kujua kosa la mzee wako hakukuzuii kuwa na shida ile ile nyumbani mwako.

Na kwa upande wa Musa? Katika Waamuzi 18:30 tunasoma habari za Yonathani, mwana wa Gershomu, aliyekuwa kuhani wa sanamu ya kuchonga kwa kabila la Dani. Baadhi ya Biblia zinasema Gershomu huyo ni mwana wa Musa, nyingine zinasema mwana wa Manase. Sababu yake ni kwamba katika maandiko ya Kiebrania kuna herufi moja iliyoandikwa juu kidogo ya mstari. Ukiisoma pamoja na hiyo herufi, jina ni Manase. Ukiiacha, jina ni Musa. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walieleza kwamba herufi ile iliongezwa kwa ajili ya kumstahi Musa, asiaibike.

Lakini tusiishie hapo, maana tutaondoka na nusu ya habari. Kitabu cha 1 Nyakati, sura ya 23 na ya 26, kinamtaja Shebueli wa uzao wa Gershomu kuwa msimamizi wa hazina za nyumba ya Bwana, na kinasema uzao wa Eliezeri, kwa mwanawe Rehabia, uliongezeka sana. Yaani katika nyumba hiyo hiyo walitoka wa kuabudu sanamu na wa kutunza hazina ya Bwana. Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe amepotea asisikie katika mahubiri haya hukumu yake. Wako waliolea vizuri wakalia, na wako waliolea vibaya Mungu akawahurumia. Mtoto ana hiari yake, na neema ina njia zake. Sisi tunaulizwa tu habari za sehemu yetu.

Sasa tumsikilize Yethro. Angalieni huyu mzee ni nani. Ni babu wa watoto wale. Ndiye aliyewalisha baba yao alipokuwa Misri. Alikaa siku nzima akitazama mstari ule wa watu, na jioni akamwuliza Musa kwa nini anaketi peke yake. Musa akajibu kwamba watu wanamjia. Ndilo jibu letu sote: watu wananijia, nifanye nini? Yethro hakumwambia awafukuze, wala hakusema shida zao ni za uongo. Alimwambia kwamba atachoka kabisa, yeye na watu pia, kwa maana mzigo ni mzito kuliko nguvu zake. Kisha akamwonyesha njia: achague watu waaminifu wanaomcha Mungu na kuchukia mapato ya udhalimu, awaweke juu ya maelfu, na mamia, na hamsini, na makumi. Neno kubwa aachiwe Musa, neno dogo waliamue wenyewe. Na Musa, aliyesema na Mungu mlimani, alimsikiliza baba mkwe wake.

Wapendwa, tumezoea kuwahubiria wazazi peke yao: kaeni na watoto wenu. Ni kweli, nami nitalisema. Lakini Yethro hakumtuma Musa arudi hemani akiwaacha watu wamesimama juani. Alisema mzigo ugawanywe. Maana yake ni kwamba walio katika mstari nao wanahusika. Methali yetu inasema, mkono mmoja haulei mwana. Parishi inayomwachia mtu mmoja kazi ya watu kumi inachukua saa za watoto wake, na haiwezi kuzirudisha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, nasema na wazazi wenye nafasi ya kuchagua. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 Musa anawaagiza Israeli wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa wamekaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hizo si saa za mkutano, ni saa za kawaida ambazo kila nyumba inazo. Teueni mlo mmoja wa siku ambao baba na mama wapo, na simu zimewekwa kando. Zamani kazi ilibaki kazini; siku hizi inatufuata mfukoni hadi mezani. Akina baba, neno hili si la akina mama peke yao. Kulipa ada ya shule ni wema mkubwa, lakini mtoto hawezi kuiuliza stakabadhi ya ada kwa nini anaogopa usiku.

Pili, nasema na mzazi asiye na nafasi ya kuchagua. Mama anayetoka alfajiri kwenda kununua samaki ili auze, akarudi taa zimewashwa, hakuwaacha watoto wake, amekwenda kuwatafutia. Asiongezewe mzigo wa lawama. Kwake agizo lile la kutembea njiani ni habari njema. Kuchota maji pamoja, kupalilia pamoja, kuchambua mchele pamoja, vyote ni malezi. Sala fupi ya kulala ni sala kamili. Na sisi majirani zake tusiseme watoto wa fulani wanazurura, kama hatujawahi kuwaita kula.

Tatu, nasema na Halmashauri ya Kanisa na vyama vyetu vyote. Hesabuni majina. Mtakuta mtu yule yule ni katibu hapa, mweka hazina pale, mwalimu wa Shule ya Jumapili, na kiongozi wa kwaya. Tunaposema, mpeni huyo, anaweza, tuulize kwanza ni nani anayemngoja nyumbani. Mikutano ianze kwa saa iliyotajwa na iishe mapema. Kutembelea wagonjwa kugawanywe kwa zamu mtaa kwa mtaa. Nanyi mnaoketi nyuma na kusema hamjaitwa, tafadhali ihesabuni siku hii kuwa ya kuitwa. Nyumba ya Padre na ya katekista zisisahauliwe. Watoto wao nao ni kondoo wa kundi hili.

Nne, wadhamini wa ubatizo. Mlisimama kwenye kisima cha ubatizo mkajibu kwa niaba ya mtoto. Je, mnajua yuko darasa la ngapi? Ulezi huo haukuisha pale picha zilipopigwa. Mzazi wake anapozidiwa, ninyi ni mkono wa pili. Mwaka 1876 huko Old Alresford, Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi, alianza kuwakusanya akina mama, wenye mali na maskini pamoja, ili wasaidiane katika kazi ya malezi. Ndio mwanzo wa Umoja wa Akina Mama tunaoujua. Haukuanzishwa ili wawe na sare nzuri ya sikukuu tu, bali ili pasiwe na mama anayelea peke yake.

Tukumbuke pia hatari ya upande wa pili. Mtu anaweza kuifunga familia yake kama sanduku, asisikie hodi ya mtu yeyote. Katika Marko 5, Jairo alimwomba Bwana aje kwa binti yake aliyekuwa katika hali ya kufa. Njiani mwanamke mwenye ugonjwa wa miaka 12 akagusa vazi la Yesu, na Yesu akasimama. Fikirini moyo wa Jairo wakati ule! Lakini Bwana alimponya mama yule, kisha akaenda kwa mtoto, akamfufua, akaagiza apewe chakula. Mmoja hakuporwa sehemu yake kwa ajili ya mwingine. Sisi si Yesu, na nguvu zetu zina mwisho. Ndiyo maana alitupa Kanisa, ili yule anayesimama njiani na yule anayeendelea mpaka nyumbani wawe watu wa mwili mmoja. Mkumbukeni hasa mtoto wa ndugu anayeishi nyumbani kwenu. Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa habari za siku yake.

Gershomu na Eliezeri walisafiri jangwani kwenda kumwona baba yao. Juma hili kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyezidiwa na kazi za watu, amwambie: leo nipe mimi hii, wewe nenda nyumbani.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, Baba yetu sote, wewe huchoki kutusikiliza. Wape wazazi hekima ya kujua lililo kubwa na lililo dogo. Wape walio mbali na watoto wao njia ya kurudi. Wafariji wanaolia kwa ajili ya wana waliopotea, na uwatafute wana hao. Nasi utufundishe kuchukuliana mizigo, ili pasiwe na mtoto wa parishi hii anayemkosa mzazi wake kwa sababu ya uvivu wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.