Kabla Hamjamrudisha Kipenzi wa Zamani

Dirisha la usajili linapokaribia, barza za Likoni, Kisauni na Changamwe hapa Mombasa hupata jina moja linalotajwa kuliko mengine yote. Mara nyingi ni jina la mchezaji aliyeondoka miaka kadhaa nyuma, aliyeacha mabao ambayo watu wanayakumbuka hadi dakika yalipofungwa, na sasa imesikika kwamba hana timu. "Mrudisheni nyumbani," watu husema. Viongozi wa klabu, ambao nao ni mashabiki kama sisi, huanza kupiga hesabu.

Naujua mvuto huo. Ningekuwa ndani ya kamati, huenda mkono wangu ungeinuka wa kwanza. Ndiyo maana nataka tuyatazame kwa utulivu yaliyoikuta Simba ya Dar es Salaam, klabu yenye mashabiki wengi huku kwetu pwani. Simba ina wadhamini na uwezo wa kufidia kosa la usajili. Sisi wenye timu zinazoendeshwa kwa michango hatuna uwezo huo.

Mchezaji mwenyewe ni Luis Miquissone wa Msumbiji. Simba ilimjua kwanza kwa uchungu. Agosti 2019 alikuwa UD Songo ya kwao, na baada ya sare ya 0-0 kule Beira akaja Dar es Salaam na kufunga bao katika sare ya 1-1. Bao hilo la ugenini likaitoa Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2020 Simba ikamsajili. Mashabiki wakampa jina la Konde Boy, na haikuchukua muda akawa mtoto wa nyumbani.

Jioni iliyomfanya kipenzi kamili ilikuwa tarehe 23 Februari 2021. Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika, walikuja Uwanja wa Mkapa na wakaondoka wamefungwa 1-0. Mfungaji alikuwa Miquissone, kwa shuti kali. Simba ikamaliza kinara wa kundi mbele ya Al Ahly wenyewe. Huku kwetu Mombasa watu walilisimulia bao lile kana kwamba limefungwa Mbaraki. Agosti mwaka huohuo Al Ahly wakamnunua, na hapakuwa na wa kulalamika, kwa kuwa kijana alikuwa anakwenda katika klabu kubwa kuliko zote barani.

Sasa naomba tuende polepole, maana dalili zote zilitokea katika miaka miwili iliyofuata, na zilitokea hadharani.

Kule Cairo hakupata nafasi. Kocha aliyekuwa pale alipochukuliwa, Pitso Mosimane, aliondoka Juni 2022, na mchezaji ambaye tayari alikuwa anakaa benchi akazidi kusogezwa pembeni. Msimu uliofuata akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia. Huko nako hakutamba. Hivyo ilipofika katikati ya 2023, mtu aliyekuwa anaishi kwa mbio na kukata kona alikuwa amepitisha misimu miwili bila kucheza mfululizo. Winga anategemea hatua mbili za kwanza kumwacha beki. Mazoezi yanaweza kumpa mtu pumzi, lakini hatua zile hunolewa na mechi.

Dalili ya pili ilikuwa jinsi alivyopatikana. Klabu iliyotoa fedha nyingi kumnunua ilikuwa tayari kumwachia. Shabiki husikia habari hiyo akafurahi kwamba amepatikana bila gharama kubwa. Kiongozi wa klabu angepaswa kushtuka na kuuliza: watu waliokuwa naye mazoezini kila siku kwa muda wote huo, wameona nini ambacho sisi hatujaona? Swali hilo halina ubaya wala halimvunjii mchezaji heshima. Ni simu moja kwa daktari wa timu, nyingine kwa kocha, na kuomba mechi zake zote za karibuni uzitazame kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku hizi vipande vya video vimetuharibu sana. Dakika tatu za chenga zilizokusanywa zinaweza kumfanya mtu yeyote aonekane yuko moto, na hazionyeshi dakika themanini na saba zilizobaki.

Ya tatu ni ile ninayoiona mara nyingi zaidi hata kwetu. Simba iliyomrudisha 2023 haikuwa Simba aliyoiacha. Mwaka 2021 alicheza na Clatous Chama aliyekuwa katika kilele chake, na mbele walikuwapo Meddie Kagere na John Bocco waliojua mpira wake utatua wapi. Mwaka 2023 kocha alikuwa mwingine, Roberto Oliveira, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Robertinho. Chama alikuwapo, lakini safu ya mbele ilikuwa imebadilika. Zaidi ya hayo, katika dirisha hilohilo klabu ilikuwa imewasajili Willy Onana na Aubin Kramo, wachezaji wa pembeni. Pengo ambalo mashabiki waliliona lilikuwa pengo la moyoni. Uwanjani nafasi ile ilikwisha kuwa na watu.

Akarudi. Furaha ilikuwa kubwa, na sina lawama kwa aliyefurahi. Msimu ulianza vizuri, Simba ikachukua Ngao ya Jamii kwa penalti dhidi ya Yanga pale Mkwakwani, Tanga. Lakini wiki zilivyosonga, yule Luis wa 2021 hakuonekana. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikaifunga Simba 5-1, na siku chache tu zikapita kabla ya Robertinho kuondoka. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, naye akaondoka kabla ya ligi kwisha. Simba ikamaliza ya tatu. Ilikuwa na pointi sawa na Azam, 69 kwa 69, ila Azam walikuwa na tofauti bora ya mabao, na nafasi ya Ligi ya Mabingwa ikaenda kwao. Msimu ulipoisha Miquissone akaachwa.

Haki lazima itendeke: huwezi kumbebesha mtu mmoja msimu mzima. Klabu ilikuwa na matatizo yake mengine. Lakini pale tofauti ya mabao inapokunyima Ligi ya Mabingwa, kila nafasi ya usajili iliyotumika vibaya ina uzito, na kila dakika iliyotolewa kwa kumbukumbu ilikuwa dakika ambayo mchezaji mwingine hakuipata.

Mtu atasema, Luis hakuwa mzee, alikuwa na miaka 28 tu. Ni kweli, na hapo ndipo ninapotaka tupatazame vizuri. Ikiwa mwili wa miaka 28 uliokaa bila mechi ulishindwa kurudi pale ulipokuwa, tutegemee nini kwa mwenye 34 aliyekaa muda mrefu zaidi? Na upande wa pili, umri peke yake haumhukumu mtu. Saido Ntibazonkiza wa Burundi aliichezea Simba hiyohiyo akiwa amevuka miaka 35, na msimu wa 2022/23 akafunga mabao 17, akawa mfungaji bora sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Saido hakutoka benchi la mtu wala nyumbani. Alitoka Geita Gold, ambako alikuwa anacheza wiki hadi wiki.

Habari ya Emmanuel Okwi nayo inafundisha hivyohivyo. Simba ilimrudisha 2017, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 20 na Simba ikachukua ubingwa ilioukosa tangu 2012. Watu husahau kilichotangulia. Alipotoka Denmark, ambako hakuwa anacheza sana, hakuja moja kwa moja Dar es Salaam. Alikwenda kwao Uganda, SC Villa, akacheza, akafunga, miguu ikarudi. Simba ilimchukua mtu anayecheza mpira wa mwaka ule.

Hapa Kenya tuna la Dennis Oliech, nalo nalitaja kwa heshima, maana bao lake dhidi ya Cape Verde mwaka 2003 ndilo lililotupeleka Kombe la Afrika la 2004. Januari 2019, akikaribia miaka 34 na akiwa amekaa miaka kadhaa bila klabu, Gor Mahia ilimpa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ule haukufika hata mwaka kabla ya kuvunjwa, na mzozo wa malipo ukafuata. Katikati ya mwaka huohuo SportPesa ilijiondoa katika udhamini, na klabu ikahangaika hata kuwalipa vijana wake. Miaka miwili! Kwa mwili ambao hakuna aliyeuona ukimaliza mechi kumi mfululizo katika siku za karibuni. Nani kati yetu angesimama kwenye kikao na kusema mkataba uwe wa miezi sita kwanza, wakati jina lililo mezani ni Oliech? Mimi sina hakika kwamba ningesimama.

Klabu yetu ya Bandari imepata bahati nzuri zaidi. Kipa Faruk Shikhalo alikuwa nguzo wakati timu ilipomaliza ya pili katika Ligi Kuu, 2018 na tena 2018/19. Yanga ikamchukua, akacheza Tanzania miaka kadhaa, kisha akarudi. Agosti 2025 alikuwa katika kikosi cha Harambee Stars cha CHAN akiwa kipa wa Bandari. Kipa hudumu kuliko winga, hilo linajulikana. Lakini pia hakurudi akiwa amekauka kwa kukosa mechi.

Basi, ndugu zangu wa kamati, iwe ni timu ya ligi ya taifa au ya kaunti, ya Mtongwe, Magongo au Mtopanga, nawasihi. Kijana wenu wa zamani akirejea kutoka Oman au Nairobi, mkaribisheni kwa mikono miwili. Afanye mazoezi na timu wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kuzungumzia karatasi. Acheze mechi za kirafiki dakika zote tisini, jioni, juani, kwenye uwanja wetu wa vumbi. Apimwe na daktari, na majibu yasomwe na kocha kabla hayajasomwa na mfadhili. Mkataba uwe mfupi, na sehemu ya malipo ifuate mechi atakazocheza. Na jina lake lisitangazwe kwenye makundi ya simu kabla kocha hajasema ndiyo, kwa sababu mashabiki wakishaambiwa, hakuna kiongozi atakayethubutu kurudi nyuma.

Lingine ni la yule kijana wa miaka kumi na tisa anayecheza nafasi hiyohiyo. Amekuja mazoezini kwa boda au kwa miguu mwaka mzima. Akiona nafasi imetolewa kwa sababu ya bao la miaka sita iliyopita, ataelewa kwamba hapa jasho lake halihesabiwi, na ataondoka kimya. Klabu itamkumbuka akishafunga dhidi yake. Kabla ya kusaini, kocha amtaje kwa jina atakayekaa benchi, na aeleze mbele ya kamati kwa nini.

Tumfikirie pia huyo kipenzi mwenyewe. Watu walewale waliomwimba ndio watakaomzomea pasi ya tatu ikipotea, na yeye ndiye atakayebaki na jeraha hilo akipita mtaani kwake. Ziko njia nyingine za kumrudisha, ukocha ukiwa mmojawapo. Bernard Mwalala alikuwa mshambuliaji aliyefika hadi Yanga, na miguu ilipomaliza kazi yake akashika ukocha. Mwaka 2019 akiwa kocha wa Bandari timu iliifunga Kariobangi Sharks 3-1 katika fainali ya Kombe la Ngao la Kenya, na tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaja Mombasa.